Mgeni wa Ng'ambo ya Reli

Msusi alikuwa na mteja kibarazani, nusu ya kichwa imeshasukwa na nusu bado imesimama kama kichaka, alipomwona msaidizi wa mumewe akikokota baiskeli kuja kwake. Hakuwa mtu wa kuonekana mtaani saa za kazi. Msusi akakichomeka kitana katika nywele za mteja, akasimama.

"Shemeji, kwema?" msaidizi alisalimia.

"Kwema ni kwako. Baba watoto yuko wapi?"

"Yupo, mzima kabisa. Kanituma nimchukulie nguo."

"Nguo za nini?"

"Za kulalia na za kubadili. Hatarudi leo." Msaidizi akajifuta jasho kwa mkono wa koti lake la kazi. "Wala kesho, nadhani. Umesikia habari za lile bomu la hotelini? Basi shirika limetoa agizo. Wafanyakazi wote wa kigeni hawaruhusiwi kuvuka reli. Watalala humo humo ofisini mpaka itangazwe vinginevyo."

Msusi akaangua kicheko. "Wa kigeni! Mume wangu mgeni wa wapi? Aliyevunjika jino pale kwenye bomba la maji, akacharazwa na nusu ya wazee wa mtaa huu, leo ndiyo mgeni?"

Mteja naye akacheka, kichwa chake nusu nusu. Lakini msaidizi hakucheka. "Kwenye makaratasi, shemeji, ni mgeni," alisema taratibu, na kicheko cha msusi kikamkauka mdomoni, kwa sababu alikumbuka ni nani aliyeyapeleka makaratasi hayo.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Baridi kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutengeneza majokofu ya chanjo, alizaliwa nchi jirani. Mama yake alimvusha mpaka akiwa amembeba mgongoni kabla hajaota meno, na tangu hapo hakurudi huko hata kwa mazishi. Lakini shirika lake lilikuwa na mizani mbili za malipo. Mwenyeji alipimwa kwa hii na mgeni kwa ile, na ile ya mgeni ndiyo iliyokuwa na bima ya wazazi na shule nzuri ya watoto. Msusi ndiye aliyekumbuka kile cheti cha kuzaliwa, kikiwa kimekunjwa ndani ya sanduku la mama mkwe. Baridi alisita. Alisema ataonekana anawakana watu wake. "Nani atakuuliza?" msusi alimjibu. "Ukitaka cha mvunguni sharti uiname." Baridi akainama. Cheti kikapelekwa, kikapita, na mtaa ukapata cha kutania: kila alipopita na begi lake la zana, wauza mkaa walimpigia kelele, mgeni njoo, mwenyeji apone! Naye akawatupia tusi la mapenzi na kupita.

"Nani huyo?" sauti ya Bibi ilitoka chumba cha nyuma.

Msusi akaingia. Mama mkwe wake alikuwa amekaa kitandani, ameegemezwa mito, maana moyo wake ulikuwa umechoka na akilala chali pumzi humkata. Miguu ilikuwa imevimba hata ngozi inang'aa. Muuguzi wa zahanati alikuwa ameshasema asitikiswe, achilia mbali kupakiwa garini.

"Ni msaidizi wa mwanao, mama. Baba watoto amesafiri kikazi. Kaja kumchukulia nguo."

"Ameondoka bila kuniaga?"

"Ilikuwa ghafla."

Bibi akatikisa kichwa. Mwanawe hakuwahi kutoka kwenda hata dukani bila kuchungulia mlangoni mwake. Lakini hakuuliza zaidi.

Msusi alivumilia siku chache, kisha akapika, akafunga chakula kwenye bakuli, akavuka reli kwa miguu.

Njia ya kwenda ofisini ilikuwa imebadilika. Mapipa yaliyojazwa zege yalipangwa barabarani ili gari lolote lisisogelee geti, na getini alisimama mlinzi ambaye nyumba yake na ya msusi zilitenganishwa na ukuta mmoja tu, hata mmoja akikohoa mwenzake husema pole. Alipomwona akaangalia chini.

"Jirani, fungua hilo bakuli."

"Unakijua chakula changu. Juzi tu mkeo kaniomba chumvi."

"Fungua tu, jirani. Ile kamera inaniona."

Msusi akafungua. Mlinzi akapitisha kifaa chake juu ya bakuli, kisha kiunoni kwake, mgongoni, chini ya mikono. Msusi alisimama ameinua mikono kama mwizi aliyekamatwa, huku wapita njia wakigeuka kumtazama. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Mlinzi naye alikuwa ameona aibu zaidi yake. Alimaliza haraka, akagonga kidirisha cha chuma kilichokuwa kwenye geti.

Kidirisha kikafunguliwa. Macho ya Baridi yakatokea na pua yake, basi. Mengine yote yalikuwa upande wa pili wa chuma.

"Umepita wapi?" lilikuwa neno lake la kwanza.

"Nimepita wapi? Nimepita njia. Sokoni."

"Usipite sokoni. Kila asubuhi tunakalishwa, tunaonyeshwa ramani. Sokoni ni pabaya. Tumeambiwa wanakaa humo humo, wanaangalia nani ana uhusiano na sisi."

"Akina nani?"

"Hao watu." Akatazama nyuma yake. "Mama anaendeleaje?"

"Anakuulizia. Nimemwambia umesafiri. Mpaka lini, baba watoto?"

Hakujua. Mlango mdogo wa geti ukafunguliwa, akatoka mama wa utumishi, mwanamke nadhifu mwenye kitambulisho kifuani. Alikuwa amesikia. Alimwambia msusi kwa upole kwamba hairuhusiwi kukaa getini, na kwamba kila mtu anasikitika.

"Basi mrudisheni awe mwenyeji," msusi alisema. "Mlimwandika mgeni, mfuteni. Mimi sitaki tena."

"Haifutwi hivyo, mama. Na mkataba wake unaisha wiki hii. Akivunja agizo, mpya hatapewa."

"Na msaidizi wake? Jana kavuka reli na masanduku ya chanjo, kaenda zahanati zote alizokuwa akienda mume wangu. Kwa baiskeli!"

"Yule ni mwenyeji. Wanaotafutwa ni wageni."

"Kwa hiyo risasi ikija inabisha hodi kwanza? Inauliza mwenyeji ni yupi?"

Mama wa utumishi hakukasirika. Aliangalia viatu vyake, kisha akainua uso. "Mimi pia ni mwenyeji," alisema kwa sauti ya chini. "Jioni nami navuka reli, naenda kulala kwangu." Akachukua bakuli kwa mikono miwili, akaahidi kulifikisha, na kidirisha kikafungwa.

Bibi alitaka kusikia sauti ya mwanawe. Alikuwa ameanza kuhesabu pumzi zake, na kila alipoamka usingizini alikuwa anauliza kama msafiri amerudi. Msusi akapiga simu, akamwekea sikioni.

"Mwanangu."

"Mama. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huko ulikokwenda kuna baridi? Umebeba sweta?"

"Nimebeba, mama. Nitarudi karibuni. Kazi imekuwa nyingi, barabara nazo mbaya."

Wakiwa katika hayo, treni ya mizigo ikapiga honi. Ilikuwa inapita nyuma ya nyumba kama kila alasiri, na vyombo vikatetemeka kabatini. Honi ile ile ikalia ndani ya simu. Bibi akaiondoa simu sikioni, akasikiliza dirishani. Akairudisha, akasikiliza tena. Behewa lile lile lililokuwa likigongagonga dirishani lilikuwa likigongagonga sikioni mwake. Baridi aliendelea kueleza habari za barabara mbaya, lakini mama yake hakuwa akimsikiliza.

"Ubarikiwe, mwanangu," alisema mwishowe, na kumrudishia msusi simu.

Msusi akajishughulisha kukunja shuka lililokuwa tayari limekunjwa.

"Yuko hapa hapa," Bibi alisema.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Amefungwa?"

"Hajafungwa. Waajiri wake wanamlinda. Hawataki wageni wavuke reli, na yeye wamemhesabu ni mgeni. Ni kile cheti, mama. Ni mimi niliyekipeleka."

Bibi hakugusa habari za cheti. Alikuwa anakitafakari kitu kingine, na kilimchukua muda. Nje, watoto walikuwa wakigombania mpira, na mchinjaji wa jirani alikuwa akimsemesha mtu juu ya paa lake linalovuja.

"Wanamlinda na nani?" aliuliza.

Msusi akalikunjua shuka, akaanza kulikunja upya.

"Na sisi?" Bibi akauliza tena.

Usiku ule ule msusi alimwambia Baridi kwamba mama ameshajua, na kesho yake asubuhi Baridi alipiga simu akinong'ona. Alikuwa amepanga. Msaidizi angemwachia koti na kofia, angempa na baiskeli. Mlinzi angegeuka upande mwingine. Angevuka, angekaa na mama kidogo, angerudi kabla ya kuitwa majina ya jioni.

Moyo wa msusi ulimruka kwa furaha, kisha ukashikwa. Alikuwa amesimama jikoni, uji ukitokota, na wanawe wawili wamevaa sare za ile shule nzuri, mdogo akijifunga kamba za viatu, ulimi nje. Mkataba ulikuwa wa kusainiwa baada ya siku mbili. Akishikwa leo, hakuna shule, hakuna bima, na dawa za Bibi ambazo bila bima hawangeziona hata dirishani zingeisha. Alimchungulia mama mkwe. Alikuwa ametulia, rangi imemrudia, amekunywa uji karibu wote.

"Mama leo hajambo," alisema kwenye simu. "Amekunywa uji. Subiri usaini kwanza, baba watoto. Siku mbili si nyingi. Ukishasaini, utakuja hata kwa kutambaa."

"Sawa," Baridi akasema.

Lilitoka upesi mno neno hilo. Msusi alilisikia, na lilimkaa vibaya moyoni, maana lilikuwa na unafuu ndani yake, nao ungeweza kuwa unafuu wa mtu anayemtii mkewe, au unafuu wa aina nyingine. Lakini watoto walikuwa wanachelewa. Akawasukuma nje.

Bibi alikata roho kabla ya adhuhuri ya kesho yake. Msusi alikuwa anamwosha miguu kwenye beseni, anamsimulia habari za mteja mmoja aliyetaka asukwe kama yule mtangazaji wa televisheni ilhali nywele zenyewe hazifiki hata masikioni, na Bibi alikuwa akitabasamu. Aliendelea kutabasamu. Msusi aliongea maneno mengine mengi kabla hajagundua kwamba anaongea peke yake.

Alilia kwa kelele, wala hakujizuia. Alimlilia mama mkwe aliyemfundisha kazi ya mikono na ya mdomo, na alijililia mwenyewe kwa yale maneno ya jikoni. Maji yalikuwa yamemwagika, na aliyeinamisha mtungi alijijua. Majirani wakajaa. Mke wa mlinzi akamshika mabega, asijue kwamba kilio kingine kilikuwa ndani ya kile.

Shirika halikuwa na roho mbaya. Afisa usalama wake alikuja yeye mwenyewe nyumbani, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu, akakaa mkekani na wafiwa, akasema ameomba kibali makao makuu na amekipata. Baridi angehudhuria mazishi. Angeletwa na kurudishwa. Lakini alimwita msusi kando, karibu na karo la maji.

"Kuna masharti, mama. Atavaa vifaa vya kujikinga muda wote, na hatakaa zaidi ya nusu saa. Akivua, natakiwa niandike. Nikiandika, ndiyo basi tena. Kalamu yangu si yangu."

"Nimeelewa," msusi alisema.

Makaburi yalikuwa nyuma ya kiwanda cha matofali, yamezungukwa na ukuta mfupi ambao watoto walizoea kuukalia. Watu walikuwa wengi. Bibi alikuwa ameshazika wengi wa mtaa ule, na mtaa ulikuwa umekuja kulipa. Walikuwa wamekwisha kuushusha mwili kaburini magari mawili meupe yalipofika, madirisha yake mazito na meusi. Yakaelekezwa njiani tayari kwa kuondoka, na injini hazikuzimwa. Ikabidi watu wasikilizie dua katikati ya mngurumo.

Akashuka Baridi. Alikuwa na kofia ya chuma kichwani na fulana ya kuzuia risasi, nene, ya buluu, imemfunika kuanzia shingoni mpaka kiunoni, hata mikono yake ikakaa mbali na mwili. Mtoto wao mdogo alipomwona akajificha nyuma ya gauni la mama yake.

Watu walimpisha, na walimpisha zaidi ya ilivyohitajika. Hakuna aliyekuja kumkumbatia. Hata anayetaka, angemkumbatia wapi? Wanawake wawili waliwaita watoto wao watoke ukutani. "Kama yeye kavaa hivyo," msusi alimsikia mmoja akinong'ona, "basi wanajua kitu. Sisi tumevaa nini?" Na wasiwasi ukatambaa mkutanoni ambao dakika chache nyuma haukuwepo. Wauza mkaa walikuwepo pia. Hawakutania.

Mchinjaji ndiye aliyekuwa na sepetu. Aliufuta mpini kwa kanzu yake, akamletea mfiwa. "Mtupie mama yako udongo, ndugu yangu. Tunakungoja wewe."

Baridi akaipokea. Akajaribu kuinama, fulana ikamkaba koo, ikamrudisha juu. Akajaribu kwa kupiga goti, kofia ikamwangukia machoni. Sepetu ikakwaruza udongo, ikapanda tupu. Watu wakatazama pembeni kwa heshima. Hilo la kutazama pembeni ndilo lililomchoma msusi kuliko yote.

Alizifikiria sare za wanawe, na mkataba uliosainiwa jana wino haujakauka. Alifikiria vyote kimoja kimoja, na kwa mara ya kwanza tangu akitoe kile cheti sandukuni, havikuwa na uzito. Akamwachia mke wa mlinzi mtoto, akavuka lile duara tupu waliloliacha watu, akafika kwa mumewe. Afisa usalama alimwona, akafumbua mdomo, akaufumba.

Msusi akapenyeza mkono chini ya kwapa la mumewe, akaukamata mkanda wa fulana, akauvuta. Ukabanduka kwa sauti kubwa ya kuchanika na watu wote wakageuka.

Baridi akabana mkono. Akaubana kwa nguvu, vidole vya mkewe vikakwama kati ya mbavu na kiwiko.

"Achia," msusi alimnong'oneza. Alidhani anayaogopea yale aliyokuwa akiyaogopea yeye. "Iende tu hiyo kazi. Mimi ndiye niliyekuzuia, na mimi nakwambia vua. Nitasuka usiku na mchana, hatutakufa. Huyu ni mama yako."

"Si kazi," Baridi alisema.

Hapo ndipo msusi alipomtazama vizuri. Jasho lilimtiririka chini ya kofia. Macho yake hayakuwa kwake wala kaburini. Yalikuwa yanapita juu ya ukuta, kwenye mapaa ya nyumba za mtaani, dirisha moja baada ya jingine: kwa fundi viatu, kwa mwalimu mstaafu, kwenye kile chumba cha ghorofani ambako yeye mwenyewe aliwahi kuwekea watu nyaya za umeme bila kuwatoza kitu. Aliyakagua kama mtu aliyefika leo. Mchinjaji alipoingiza mkono mfukoni kutafuta leso, Baridi alishtuka, akarudi nyuma hatua nzima.

"Hapa si salama, mama watoto," alisema. "Nyinyi hamjui tu."

Msusi aliungoja moyo wake useme kitu, usiseme. Kidogo kidogo vidole vyake vikaachiwa. Akaurudisha mkanda mahali pake, akaubandika, akaukandamiza kwa kiganja mpaka ukashika barabara.

"Nenda garini," akamwambia.

Alikwenda. Afisa usalama akamfungulia mlango, na kabla hajaufunga akamwinamia msusi kidogo, kama anayeomba radhi kwa jambo ambalo hata yeye hakulijua jina. Magari yakaondoka kabla nusu saa haijatimia.

Sepetu ilikuwa imelala juu ya rundo la udongo. Mchinjaji akaiokota, akasimama nayo, akiangalia huku na huku kama mtu asiyejua ampe nani.

"Jamani, mtoto wake?" aliuliza.

"Nipe mimi," msusi alisema, akaipokea, akaanza kufukia.